Ati, Wanasaidia Tu

Siku za Noeli mgeni mmoja kutoka Ulaya alifika kwetu Kasongo, akatoa mkobani sanduku la chokoleti, akaliweka mezani. Yeye mwenyewe hakula. Tulipomwuliza kama anaumwa meno, alijibu hapana: ameacha kula chokoleti tangu aliposoma habari za watoto wanaochuma kakao huko Afrika ya Magharibi. Sanduku lile alipewa na shangazi yake, naye hakutaka kulitupa. Basi sisi tukala. Tulipokuwa tukila alitueleza habari hizo, nasi tukasikitika kama inavyowapasa watu wenye adabu, huku tukilamba vidole. Ndipo mama mmoja mzee, mjane wa katekista, akautazama mkono wa mgeni, akamwuliza: "Na hiyo pete, baba, dhahabu yake ilichimbwa na nani?"

Mgeni akaitazama pete yake ya ndoa. Sisi wenye pete nasi tukazitazama zetu. Hakuna aliyejibu. Mazungumzo yakageukia ubovu wa barabara ya Kabambare, ambao haukosi kuzungumzwa.

Tumekusudia kulijibu swali la mama yule, ingawa tumechelewa.

Kwanza tuseme habari ya kakao, maana si uzushi. Sehemu kubwa ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia sahihi mapatano huko Marekani, yaliyopewa majina ya wabunge wawili, Harkin na Engel, kwamba ifikapo mwaka 2005 kazi mbaya kabisa za watoto katika kakao zingekoma. Mwaka 2005 ukafika, hazikukoma. Wakaomba hadi 2008. Ukafika nao. Mwaka 2010 wakaahidi kupunguza, si kukomesha tena, kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka huo 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakatoa hesabu yao: watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi katika kakao ya nchi hizo mbili, wengi wao wakishika mapanga, wakibeba mizigo mizito, au wakiwa karibu na dawa za kuulia wadudu. Hayo ndiyo matunda ya ahadi za miaka karibu 20.

Wala jambo hili si geni. Zamani kakao nyingi ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno, na waliolima huko walikuwa watu waliotolewa bara ya Angola, wakaitwa vibarua, lakini hawakurudi kwao. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza iliacha kununua kakao ya visiwa vile, baada ya miaka mingi ya kuchunguza na kusitasita. Kwa hiyo walaji wa chokoleti wameulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja sasa: nani alichuma hii? Wanaovaa dhahabu wameulizwa juzi tu. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2021 kuwadai waagizaji wa dhahabu wachunguze inakotoka, na sheria hiyo ilitungwa hasa kwa ajili ya vita na bunduki.

Katika nchi yetu kakao inalimwa kaskazini, pande za Beni na Mambasa. Huku Maniema ya kusini mtego wa watoto si kakao. Ni kariere.

Kabambare ni nchi ya dhahabu. Karibu na Salamabila ipo Namoya, ambapo Wabelgiji walichimba kabla ya uhuru. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuzalisha dhahabu ya biashara pale Januari 2016, ikasimamisha kazi mwaka 2019 mashambulio yalipozidi. Pande zile Mai-Mai Malaika walikuwa wamekwisha kujulikana sana. Makampuni huja na kuondoka, na wenye bunduki hubadilika majina. Lakini wachimbaji wa mkono hawaondoki, na kati yao wapo watoto wetu. Hatusemi watoto wa watu fulani wasiojulikana. Ni watoto waliobatizwa katika parokia zetu na walioandikwa katika madaftari ya shule zetu.

Tuseme na kazi yenyewe, kwa maana wapo wasomaji wa Kasongo mjini ambao hawajafika kariere hata siku moja. Wao huiona dhahabu kwenye mizani ya mnunuzi, imekwisha kuwa kipande kidogo cha manjano, inapimwa kwa njiti za kiberiti. Mwanzo wake ni shimo. Wanaume hushuka na patasi na nyundo, tochi zimefungwa kichwani. Jiwe likivunjwa hutiwa mfukoni, na mfuko hupandishwa juu kwa kamba au kwa bega. Hapo ndipo mtoto wa kwanza anapoingia: yeye ni mwembamba, anapita pasipopita mtu mzima, tena hadai sana. Juu, mifuko hubebwa hadi kwa watwangaji. Kina mama hukaa chini, kinu cha chuma katikati ya miguu, wanatwanga mawe tangu asubuhi; na pembeni ya mama yupo binti anayetwanga kidogo cha kwake, au aliyefunga mgongoni mtoto wa mama yule. Vumbi la jiwe ni jeupe kama unga wa muhogo, na wote hulivuta, hata yule aliye mgongoni. Kisha unga huo hupelekwa mtoni, na huko watoto husimama majini saa nyingi wakizungusha makarai. Wengine hawalipwi fedha, hulipwa mchanga uliobaki, wauoshe tena wenyewe. Wakipata chembe, ni bahati yao. Wasipopata, wamefanya kazi bure, na hakuna wa kumdai.

Mwisho hutiwa zebaki, inayoshikamana na chembe za dhahabu, na donge lile huchomwa motoni ili zebaki itoke kwa moshi. Moshi huo hauna harufu ya kumkimbiza mtu, na huo ndio ubaya wake. Huingia mapafuni, hufika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Na mtoto, ambaye ubongo wake bado unajengwa, hudhurika kuliko mtu mzima. Tumeona donge likichomwa ndani ya nyumba juu ya makaa yaleyale yaliyopikiwa sombe.

Juu ya wasichana wanaouza maji na maandazi jioni kati ya vibanda vya pombe hatutaandika mengi. Wasomaji wanaelewa.

Sasa tufike mahali tunapotaka kugombana na wasomaji wetu wenyewe. Kila tunapoyasema mambo haya, baada ya Misa au katika mkutano wa wazazi, tunajibiwa neno moja: "Ati, wanasaidia tu." Mtoto akimsaidia baba yake, kuna kosa gani? Sisi sote tulilelewa hivyo. Tulichota maji, tulichunga mbuzi, tulipalilia muhogo, tulitwanga mpunga, na leo tu wazima. Je, mnataka watoto wetu wakae bure kama watoto wa Ulaya, wakitazama simu? Na methali huletwa: samaki mkunje angali mbichi.

Neno hili lina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Sisi hatutaki mtoto asiyejua jembe. Mtoto asiyefanya kazi yoyote nyumbani anakosa sehemu ya malezi, na yeyote anayetaka kutufundisha kwamba kuchota maji ni utumwa, aje kwanza achote nasi. Lakini methali inasema kumkunja samaki, haisemi kumvunja. Tena hebu tuangalie vizuri shamba na shimo, kama ni kitu kimoja.

Mtoto akipalilia muhogo wa mama yake, jua likiwa kali mama humwita kivulini. Mama anajua amechoka, kwa sababu anamwona. Muhogo ule atakula yeye. Na kazi anayojifunza ni kazi ya shamba atakalolirithi, na baada yake wanawe. Shimoni ni nani anamwita kivulini? Mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, hajui jina lake. Yuko mjini, au yuko kibandani anahesabu mifuko. Jiwe halingoji. Mvua ikinyesha juu, chini hawasikii. Septemba 2020 huko Kamituga, Kivu ya Kusini, maji ya mvua yalijaza mashimo ya dhahabu, wakafa watu wapatao 50, wengi wao vijana. Na kazi anayojifunza mtoto pale ni kazi ya shimo litakalokwisha. Mshipa wa dhahabu ukiisha, watu huhamia shimo jingine, na yeye huachwa na kifua chenye vumbi. Je, ni msaada gani huo ambao msaidizi hana mtu wa kumwambia nimechoka?

Tena tuulize: anamsaidia nani? Mzazi hupata kidogo, kweli. Hiyo dhahabu hutoka kwa mchimbaji kwenda kwa mnunuzi mdogo, kwa mnunuzi mkubwa, hadi Bukavu au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na nyingi ya mashariki ya Kongo hupita mipakani kwa magendo na kuishia Dubai. Oktoba 2025 bei ya aunsi moja, yaani kama gramu 31 hivi, ilipita dola 4,000. Kila mmoja katika mnyororo huo husaidiwa na mtoto yule, na wa mwisho husaidiwa kuliko wa kwanza. Mkulima wa kakao naye yuko hivyohivyo: anapata sehemu ndogo sana ya bei ya kipande cha chokoleti, na kwa kuwa hana cha kumlipa kibarua, anamchukua mwanawe. Umaskini wa baba hulipiwa kwa mgongo wa mtoto, ili bei isipande dukani.

Neno la pili tunalojibiwa ni hili: "Anajilipia masomo." Hili linatuuma zaidi, maana hapa na sisi tuna hatia. Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ni bure na ni lazima kwa kila mtoto. Na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza ahadi hiyo. Wengi walirudi shuleni, madarasa yakajaa hadi watoto wakakaa chini. Hayo tumeyashukuru. Lakini zipo shule, na nyingine zina msalaba juu ya mlango, zilizoondoa minervali kwa jina lake na kuirudisha kwa majina mengine: ya ulinzi, ya karatasi, ya mtihani, ya kumsaidia mwalimu ambaye mshahara wake haujafika. Mwalimu hatumlaumu kwa kutaka kula. Twasema tu kwamba mtoto anayefukuzwa darasani kwa ajili ya franga chache, sote twajua njia atakayoishika. Itaanzia mlangoni petu na kuishia Salamabila.

Na wale wanaokwenda "likizo tu", kutafuta fedha ya sare na madaftari ya sekondari? Baadhi hurudi. Walimu wa darasa la sita wanatuambia wanavyorudi: wakubwa kwa maneno, wamechoka kwa macho, hawawezi tena kukaa kimya mbele ya ubao. Aliyezoea kushika noti jioni, hata iwe ndogo, huona aya ya Kifaransa ni kazi isiyolipwa. Wengine hawarudi. Fedha ya madaftari imekwisha liwa, au imeibiwa na mwenzake, au mwenye shimo amemwambia ngoja wiki ijayo.

Neno la tatu huletwa na wenye elimu. Wao husema: "Wazungu nao walijenga viwanda vyao kwa mikono ya watoto. Sasa wameshiba, wanatukataza sisi." Twakubali kwamba walifanya hivyo. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1842 kuwatoa chini ya migodi wanawake na wavulana wasiofika miaka 10. Ubelgiji ilingoja hadi 1889 kukataza kazi ya viwandani na migodini kwa mtoto asiyefika miaka 12. Mwaka 1914 Wabelgiji wakatunga sheria kwamba kila mtoto wao lazima asome. Vizuri. Na mwaka 1917, miaka mitatu tu baadaye, Wabelgiji walewale walianzisha kilimo cha pamba cha lazima, na mahali pa kwanza palikuwa hapa Maniema. Mbegu zilikuwa zimejaribiwa Nyangwe miaka michache kabla. Mwanaume alipimiwa shamba, akaandikwa. Lakini pamba haichumwi na aliyeandikwa peke yake. Walichuma mke na watoto. Wazee wetu walipokuwa wakiinama kwenye pamba ile, mtoto wa Liège au Gent alikuwa dawatini, kwa amri ya serikali ileile.

Kwa hiyo wenye elimu wana haki ya kukasirika. Lakini hasira yao wanaipeleka wapi? Wabelgiji waliona kwamba mtoto wao si wa shimoni, wakamtoa. Dhambi yao ni kwamba walidhani mtoto wetu ni wa namna nyingine. Na sisi tukisema "kwetu ni desturi, acheni wachimbe", tunakubali neno lilelile: kwamba mtoto wa Kongo ni wa namna nyingine.

Maana nchi hii yetu ina kumbukumbu ndefu. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara kutoka Kasongo hadi Ziwa Tanganyika. Siku za Tippu Tip pembe za ndovu zilipita pale juu ya mabega ya watu, na mara nyingi bega nalo liliuzwa pamoja na pembe. Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake wenye bunduki wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni. Na watoto walikuwa mali rahisi: walikamatwa upesi, walizoea upesi, hawakukumbuka njia ya kurudi. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo, na wanawe, Mapadre Weupe, wakafika Kasongo mwaka 1903. Kwanza zilikuwa pembe, ikaja pamba, sasa ni dhahabu. Bidhaa imebadilika mara mbili. Bega la mtoto ni lilelile, na njia ni ileile ya Kabambare. Tofauti moja ipo: msafara wa zamani uliongozwa na watu waliokuja na bunduki, huu wa leo, siku nyingi, mtoto anasindikizwa na mjomba wake.

Hatuwezi kumaliza bila kulijibu neno la nne, kwa sababu hili si la ujanja, ni la njaa. "Mkifunga kariere, tutakula nini?" Hatusemi zifungwe. Tumeliona jaribio hilo. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyadai makampuni yaeleze asili ya madini ya Kongo, na Septemba mwaka huohuo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mkono katika Kivu mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wenye bunduki hawakusimama. Waliosimama ni akina baba wenye watoto. Sabuni na chumvi zilikuwa ghali, wagonjwa walibaki nyumbani, na wapo watoto waliotolewa shuleni kwa sababu kariere ilifungwa. Walioamuru hayo walitaka mema, kama mgeni wetu aliyeacha chokoleti. Lakini kumwacha mchimbaji na dhahabu yake isiyonunuliwa hakumtoi mtoto shimoni. Humsukuma kwenye shimo la mbali zaidi, la usiku. Mkulima wa Côte d'Ivoire naye hatashiba kwa kuwa mtu wa Brussels amesusa kipande cha chokoleti.

Tunalotaka ni dogo kuliko kufunga, na ni gumu kuliko kufunga: mtu mzima achimbe, mtoto asikanyage. Sheria ipo tayari. Kongo ilikubali mwaka 2001 mapatano ya kimataifa yanayokataza kazi mbaya kabisa za watoto. Sheria ya kumlinda mtoto ni ya Januari 2009. Na sheria ya madini inasema kadi ya mchimbaji wa mkono hupewa mtu mzima tu. Tena Papa Leo XIII alikwisha kuandika mwaka 1891 kwamba mtoto asiingizwe kazini kabla mwili na akili yake havijakomaa. Karatasi hazikupungua. Aliyepungua ni mtu wa kusimama njiani na kusema: wewe mdogo, rudi.

Mtu huyo ni nani? Mwenye shimo kwanza. Wengi wao tunawajua. Hukaa viti vya mbele siku ya Pasaka. Mwenye shimo anajua kila mfuko unaotoka, hata uliofichwa; haiwezekani asijue kimo cha aliyeubeba. Kisha mnunuzi. Akiletewa dhahabu na mkono mdogo, na auulize huo mkono umetoka darasa la ngapi, kabla ya kutoa mizani. Kisha viongozi wa ushirika wa wachimbaji, ambao hukusanya michango yao bila kumsahau mtu. Na baba na mama, ambao hatutaki kuwapiga kwa maneno, maana tunajua nyumba zao. Lakini tunawaomba waache kulitumia neno "msaada" wanapomaanisha "hatukuwa na la kufanya". La pili ni la kweli, na mtu akilisema wazi jirani anaweza kumsikia.

Na parokia? Hapa tunajiandikia wenyewe. Zipo parokia ambazo bati la kanisa limenunuliwa kwa sadaka ya kariere. Sadaka hiyo tuliipokea kwa nyimbo, hatukuuliza. Tulifurahi, kwa sababu bati la zamani lilivuja. Hatusemi libomolewe. Tunasema tu kwamba halmashauri inayoweza kuhesabu mabati inaweza pia kuhesabu watoto wa Komunyo ya kwanza waliokuwapo mwaka jana na ambao leo hawaonekani, na kuuliza nyumba kwa nyumba wako wapi. Jumuiya ndogondogo hufanya hivyo mtu akifiwa. Na zile shule zenye msalaba mlangoni zianze kwa kuyafuta yale majina mapya ya minervali ya zamani, hata kama hesabu ya mwezi itakuwa ngumu. Hatuwezi kumfukuza mtoto asubuhi na kumlilia jioni.

Mgeni wetu alirudi kwao baada ya Epifania. Tulipoagana alisema hajui sasa afanye nini na pete yake, maana ni ya ndoa, haivuliwi kama mtu anavyoacha chokoleti. Mama yule mzee alimjibu aivae tu, ila akifika dukani kwa yule aliyemwuzia, amwulize lile swali mbele ya wateja wengine, kwa sauti. Sisi alitupa kazi nyingine. Shule zitafunguliwa Septemba. Alituambia siku hiyo twende pamoja naye darasa la sita, tuhesabu madawati yaliyo wazi, halafu twende kwa wazazi wa kila mmoja kabla Jumapili haijafika. Tumekubali. Anayetaka kufuatana nasi atukute mlangoni pa shule, kabla ya kengele.